Kigae cha Mbwa: Kutoka Utumbo wa Swala hadi Mfuko wa Dukani

Makala ya leo inahusu jambo ambalo baadhi ya wasomaji wangu wataliona dogo, na wengine wataliona kuwa ni la watu wenye nafasi: chakula kikavu cha mbwa. Nimeulizwa swali hilo mara kadhaa na watu wa tarafa ya Idodi, mkoani Iringa, na waulizaji si watu wa majumba yenye bustani. Ni wafugaji wa ng'ombe na mbuzi, walimu, na wenye maduka madogo kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wameona katika maduka ya pembejeo mjini mifuko yenye picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong'aa, wakasoma bei, wakajiuliza kama kilichomo ndani kinaizidi kweli pumba iliyochanganywa na dagaa ambayo mbwa wao wamekula tangu waachishwe kunyonya. Mimi si daktari wa mifugo. Ni mwalimu wa historia. Lakini kadiri nilivyolitafakari swali hili ndivyo nilivyoona kuwa sehemu kubwa ya jibu lake ni historia, na kwamba historia hiyo haimhusu mbwa peke yake.

Niondoe kwanza jambo moja njiani. Mtanzania akiona neno Iringa na neno mbwa katika sentensi moja hutabasamu kabla hajamaliza kusoma. Utani wa kwamba Wahehe hula mbwa ni mkongwe, na Wahehe wenyewe wameubeba kwa ukarimu kuliko wanavyostahili watani wao. Sitaubishia hapa, maana utani haubishaniwi. Kwangu mimi swali lenye uzito si nani amemla mbwa. Ni mbwa amekula nini, na nani aliyeamua.

Idodi iko magharibi mwa mji wa Iringa, pale ambapo nyanda zenye baridi zinateremka kuelekea bonde la Ruaha Mkuu. Njiani kutoka mjini msafiri hupita eneo la Mlambalasi, mahali alipojiua Mtwa Mkwawa tarehe 19 Julai 1898 akikataa kuangukia mikononi mwa Wajerumani. Kadiri unavyoteremka ndivyo joto linavyozidi na mvua inavyopungua. Mpunga hulimwa kwa maji ya mito inayoshuka kutoka mwinukoni, mahindi hulimwa kwa kubahatisha, na mifugo huchungwa katika pori ambalo simba, chui, fisi na mbwa mwitu nao wanalihesabu kuwa ni lao. Leo katika vijiji kama Tungamalenga, Mapogoro, Kitisi na Malinzanga utamkuta Mhehe, Mbena, Mgogo, Msukuma, Mmaasai na Mbarbaig, kila mmoja na mbwa wake. Mbwa hao wanafanana: wembamba, manyoya mafupi, rangi ya mchanga au nyeusi yenye mabaka, uzito wa kilo kumi na tano hivi.

Katika uchumi wa uwindaji, mbwa huyu hakuwa mnyama wa kufugwa kwa mapenzi. Alikuwa mfanyakazi mwenye ujira, na ujira wake ulilipwa papo hapo porini: damu, utumbo, mapafu, baadaye mifupa. Digidigi, swala na ngiri walikuwa mawindo ambayo mtu mwenye mkuki bila mbwa angeyapata kwa shida sana. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya chakula cha asili cha mbwa wa nyanda hizi, tunazungumza juu ya nyama ambayo mbwa mwenyewe alishiriki kuitafuta. Hilo ni tofauti kubwa na makombo. Anayekula makombo anategemea huruma. Aliyelipwa utumbo alikuwa na haki yake.

Haki hiyo iliondolewa kwa sheria. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji ambazo, kwa mara ya kwanza, zilimtaka mtu awe na kibali ili aue mnyama wa porini katika nchi aliyozaliwa. Mwaka 1910 Wajerumani wakatenga Hifadhi ya Wanyama ya Saba River katika eneo hili. Waingereza wakaipanua na kuiita Rungwa mwaka 1946. Na mwaka 1964, miaka mitatu baada ya Uhuru, sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kati ya hatua hizo zilikuja sheria nyingine, ile ya mwaka 1951 ya uhifadhi wa wanyama na ile ya Tanzania huru ya mwaka 1974, zikiendeleza wazo lile lile. Mwindaji wa kijiji akawa jangili, na mbwa wake akawa chombo cha uhalifu: sheria yetu ya wanyamapori inamtaja mbwa miongoni mwa njia zilizokatazwa za kuwinda, pamoja na sumu, mitego na mashimo. Sisemi kwamba hifadhi ni kosa. Ninasema kwamba kila mstari unaochorwa kwenye ramani hufika hadi kwenye kigae kilicho nyuma ya jiko, ambacho mbwa hulambia chakula chake, na hakuna afisa aliyewahi kuuliza baada ya 1964 mbwa wa Idodi watakula nini.

Walihamia kwenye mahindi, kama wenye mbwa walivyohamia. Mwili wao uliwaruhusu. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala nchini Sweden walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kuwa mbwa wa nyumbani hubeba nakala nyingi za kinasaba kinachowawezesha kusaga wanga, ilhali mbwa mwitu wa Ulaya, ndugu wa babu zao, kwa kawaida hubeba mbili tu. Kwa maneno mengine, mbwa alibadilika akiwa miguuni pa mkulima. Wanaosema kwamba mbwa anayekula ugali ananyanyaswa hawajui mbwa ni nani. Lakini kuweza kusaga wanga si sawa na kuishi kwa wanga mtupu, na hapo ndipo aina ya mahindi yaliyomfikia inapokuwa na maana.

Kwa muda mrefu kilichomfikia ni pumba. Zilipoenea mashine za kusaga vijijini, familia yenye uwezo ilianza kukoboa mahindi ili ipate sembe nyeupe, na ganda pamoja na kiini chenye mafuta vikabaki kuwa pumba. Kwa kejeli ya historia, sehemu hiyo iliyotupwa ina protini, mafuta na madini kuliko unga mweupe uliobaki mezani. Mbwa wa mwaka 1970 aliyepikiwa pumba pamoja na vichwa vya samaki huenda alikula vizuri kuliko mtoto aliyekula sembe na mchicha uliochemshwa mno. Hata hivyo usidhani kila pumba ni pumba. Idodi ni nchi ya mpunga pia, na maganda ya mpunga yamejaa madini magumu kama mchanga, hayana lishe kwa mbwa, na humkwaruza utumbo. Mwenye mashine akikuuzia mchanganyiko wa pumba za mahindi na maganda ya mpunga kwa bei ya kwanza, amekuibia wewe na mbwa wako.

Mwaka 1974 mpaka kati ya chakula cha mtu na chakula cha mnyama ulivukwa hadharani. Ukame ulikuwa umeipiga nchi, Operesheni Vijiji ilikuwa inawahamisha wakulima, na wanahistoria hadi leo wanabishana ni kipi kati ya hivyo viwili kilichopunguza chakula zaidi. Katika mkoa wa Iringa siasa ya mahindi ilikuwa tayari imemwaga damu: Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa Isimani siku ya Krismasi ya mwaka 1971 katika mgogoro na mkulima mkubwa. Serikali ikaagiza nafaka kutoka nje, na Shirika la Taifa la Usagishaji likagawa unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani. Wananchi, wasiokosa neno hata wakiwa na njaa, wakauita unga wa Yanga, kwa rangi za jezi za timu ya Young Africans. Manung'uniko yalikuwa mengi. Wengi walisema tumeletewa chakula cha ng'ombe, na kwa upande mmoja hawakukosea: huko Marekani mahindi hayo hulimwa zaidi kwa ajili ya mifugo. Kwa upande mwingine walikosea kabisa, kwa sababu mahindi ya njano yana kiini cha vitamini A ambacho mahindi meupe hayana. Tulikidharau chakula kwa sababu ya nani mwingine anakila. Kumbuka jambo hili tutakapofika kwenye mfuko wa dukani, maana huko tunafanya kinyume: tunakiheshimu chakula kwa sababu ya picha ya nani anakila.

Mahindi yale yale ya njano yalikuwa na kazi nyingine kwao, nayo ni chakula kikavu cha mbwa. Biashara hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 160. Mmarekani James Spratt, aliyekuwa akiuza vifaa vya kuzuia radi, alifika Uingereza na karibu na mwaka 1860 akaanza kutengeneza biskuti za mbwa za ngano, mboga na nyama. Inasimuliwa kuwa wazo alilipata bandarini, alipoona mbwa wakila biskuti ngumu za mabaharia. Kampuni yake ilimwajiri kijana Charles Cruft, ambaye baadaye, mwaka 1891, alianzisha maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake hadi leo. Msomaji azingatie uhusiano huo: muuza biskuti ndiye aliyegeuka kuwa mwamuzi wa mbwa bora. Vita Kuu ya Pili ilipofanya makopo na nyama viwe adimu, chakula kikavu kikachukua nafasi ya nyama ya kopo. Mwaka 1957 kampuni ya Ralston Purina ikaingiza sokoni punje zilizopikwa kwa mvuke na mgandamizo katika mashine za aina iliyotumika kutengeneza vyakula vya nafaka vya asubuhi. Mifuko mingi inayouzwa leo, Iringa au London, ina punje zilizotengenezwa kwa njia hiyo: nafaka, mabaki ya machinjio na samaki yaliyosagwa, mafuta, vitamini na madini, vyote vikapikwa na kukaushwa. Ukiiangalia bila picha, ni pumba na dagaa vilivyosoma.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika mwaka ule ule wa 1974, tulipokuwa tukila Yanga, majimbo ya Rajasthan na Gujarat ya magharibi mwa India yalipatwa na mvua wakati usiofaa, mahindi yakalowa na kuota ukungu. Ugonjwa wa manjano na kuvimba tumbo ukaenea katika vijiji vingi. Watu 106 walihesabiwa kufa. Waganga waliochunguza waligundua kwamba chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayozalishwa na ukungu wa nafaka na kushambulia ini. Na waliandika jambo moja ambalo kwangu ni kiini cha mambo yote: mbwa wa vijiji hivyo waliugua kabla ya watu. Walikula kilekile kilichopikwa nyumbani, na kwa kuwa mwili wao ni mdogo na ini lao halistahimili sumu hii, walivimba tumbo na kufa mapema. Taarifa ilikuwa imekwisha kutolewa, ila ilitolewa na wasiosikilizwa.

Mwaka 1977 taarifa hiyo ikafika kwetu. Nchini Kenya mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret, na sababu ikaonekana kuwa vyakula vilivyohifadhiwa vibaya vikaota ukungu. Lilichukuliwa kuwa tatizo la mbwa na kuku. Mwaka 1981, wilayani Machakos, watu 20 waliugua baada ya kula mahindi yenye ukungu, na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, wagonjwa walikuwa 317 na waliokufa 125. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walipoteza maisha kwa sumukuvu. Dodoma ni jirani ya Iringa kwa upande wa kaskazini, na nafaka haina pasipoti. Gunia linalopakiwa upande mmoja wa Mto Ruaha hushushwa upande wa pili.

Tazama pale tulipo leo. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi ya kuliwa na binadamu yasizidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Mahindi yakipimwa na kuzidi, au mama mwenye macho mazuri akichambua punje zilizooza kabla ya kusaga, mahindi hayo hayatupwi. Mengine hupelekwa kwa kuku, mengine huingia kwenye pombe ya komoni, na mengine hupikiwa mbwa. Hata mahindi mazuri yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu iliyokuwemo hubaki katika ganda na kiini, yaani katika pumba. Sembe inasafishwa, na uchafu wake unahamia kigaeni. Kupika hakusaidii, kwa kuwa sumu hii haifi kwa moto wa ugali. Ng'ombe wa maziwa akilishwa pumba hiyo, sumu hurudi mezani ikiwa ndani ya kikombe cha mtoto. Kwa hiyo anayedhani kuwa chakula cha mbwa ni suala la mbwa hajaifuata pumba hadi mwisho wa safari yake.

Mtu atasema: basi tununue mifuko ya viwandani, yaishe. Haiishi. Mwishoni mwa mwaka 2005, kampuni ya Diamond Pet Foods ya Marekani ilitoa chakula kikavu kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu katika kiwanda chake cha South Carolina, na mbwa zaidi ya 100 wakafa. Nchi yenye maabara kila mji, na bado! Mfuko unakupa orodha na anwani ya kulalamika, jambo ambalo gunia la pumba halikupi, na hiyo si faida ndogo. Lakini ndani ya mfuko kuna mahindi yaliyolimwa mahali, yakavunwa wakati fulani, yakahifadhiwa na mtu. Kununua mfuko ni kuhamisha imani yako kutoka kwa mwenye mashine wa Tungamalenga kwenda kwa mwenye kiwanda usiyemjua.

Idodi ina kisa kinacholiweka swali hili katika siasa za sasa. Mwaka 2009 ulianzishwa hapa Ruaha Carnivore Project, mradi ulioongozwa na Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford, ukiwa na lengo la kupunguza mauaji ya simba na uharibifu wa mifugo katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Miongoni mwa majaribio yake yalikuwa kuleta mbwa wakubwa wa kulinda mifugo, uzao wa Anatolia, kwa kufuata mfano wa Namibia, ambako wakulima wamepewa mbwa hao tangu mwaka 1994 ili walinde mbuzi dhidi ya duma. Ni mbwa wa kustaajabisha. Dume aliyekomaa huweza kufikisha kilo 50 au zaidi, na hukaa na kundi akiwa ni sehemu ya kundi.

Lakini mbwa wa kilo 50 anakula. Ukifuata hesabu ya kawaida ya madaktari wa mifugo, mbwa wa ukubwa huo anayefanya kazi anahitaji kilokalori kati ya 2,100 na 2,600 kwa siku, yaani gramu 600 hadi 750 za chakula kikavu cha kawaida. Kwa mwezi ni kilo 20 hivi. Mbwa wetu wa kilo 15 anahitaji kama robo kilo kwa siku, kilo saba na nusu kwa mwezi. Ndipo swali linapokuwa la kisiasa. Simba anayelindwa na mbwa huyo huleta watalii, na watalii huleta fedha kwa hifadhi, kwa serikali, na kwa kiasi fulani kwa jumuiya ya MBOMIPA, ambayo jina lake ni kifupi cha Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga na inayounganisha vijiji 21. Gharama ya kumlisha mlinzi anaibeba nani? Mradi ukiwepo, mradi hubeba. Mradi ukiondoka, mfugaji hubaki na mdomo wa kilo 50 mlangoni. Nimeona miradi mingi ya kigeni ikihesabu bei ya kumleta mnyama; bei ya kumlisha miaka kumi huhesabiwa mara chache.

Jambo la kuchekesha, kama ni la kuchekesha, ni kwamba wachungaji wa Uturuki waliomzalisha mbwa huyu hawakuwahi kumnunulia mfuko. Kwa karne nyingi walimlisha yal, uji mzito wa unga wa shayiri uliokorogwa kwa maji ya moto au kwa maji yanayobaki maziwa yakishagandishwa. Mfugaji wa Kibarbaig au wa Kimaasai ana maziwa, na ana unga. Chakula cha asili cha mbwa wa kigeni kiko nyumbani kwake, na sisi wasomi tumemfundisha kwamba kiko dukani.

Maoni yangu, na wataalamu wa mifugo wanisahihishe, ni kwamba fedha zingefanya kazi kubwa zaidi zingewekwa kwa mbwa waliopo. Mbwa aliyeshiba halali mbali na zizi. Mbwa mwenye njaa huenda porini kutafuta mizoga, na huko hukutana na jamaa zake wa mwituni. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Ruaha ni miongoni mwa ngome za mwisho za mbwa mwitu barani Afrika. Sahani ya mbwa wa Kitisi, pamoja na chanjo yake, ni sera ya uhifadhi hata kama haijaandikwa katika waraka wowote.

Sasa niwajibu walioniuliza. Mwenye uwezo wa mfuko asome maandishi ya nyuma, asiishie kwenye picha ya mbele. Atafute maneno yanayosema kuwa chakula kimekamilika kwa mbwa wa umri ule. Kile cha nyongeza au cha kumtunza mbwa kwa vitafunio hakitoshi peke yake. Viwango vya Marekani, ambavyo watengenezaji wengi hufuata, vinataka chakula cha mbwa mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 18 ya uzito mkavu, na cha watoto wa mbwa asilimia 22.5. Bei kubwa zaidi si lazima iwe na protini zaidi. Watoto wa mbwa wakubwa wanaokua kwa haraka wasiongezewe unga wa mifupa juu ya chakula kilichokamilika, kwa sababu chokaa ikizidi hupindisha miguu. Tarehe ya kutengenezwa ni muhimu kama ile ya kuisha, kwa joto letu. Na asinunue chakula kinachopimwa kwa kilo kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa: hajui ulifunguliwa lini, unyevu umeingia mara ngapi, na panya wamepita wangapi.

Asiye na uwezo wa mfuko hajashindwa. Pumba safi ya mahindi ina protini ya asilimia 10 hivi, na dagaa wakavu wazima hufikia asilimia 60. Ukichanganya kwa uzito sehemu tano za pumba au dona na sehemu moja ya dagaa, unafika kwenye asilimia 18. Kwa watoto wa mbwa na majike wanaonyonyesha, sehemu tatu kwa moja. Mifupa ya dagaa inaleta chokaa. Mafuta kidogo ya alizeti, na ini au utumbo uliopikwa siku machinjio yanapofanya kazi, huziba sehemu ya mapengo yanayobaki. Wanga upikwe mpaka uive. Dagaa walioanikwa mchangani waoshwe, la sivyo unapima mchanga ukidhani ni protini. Kitunguu kisiingie kwenye sufuria hiyo, wala chokoleti ya watoto isimfikie.

Na kabla ya hayo yote, fungua gunia. Ingiza mkono hadi katikati, maana ukungu huanza ndani ambako joto limejifungia, na juu hupakwa pazuri. Pumba yenye mabonge, yenye rangi ya kijani au ya kijivu, au yenye harufu ya udongo uliolowa, asipewe mbwa, asipewe kuku, na hasa asipewe ng'ombe wa maziwa. Lakini usitegemee macho na pua peke yake, kwa kuwa sumu hubaki hata pale ukungu usipoonekana. Mbwa akikataa chakula alichokuwa akikipenda, akatapika, macho na ufizi vikawa vya manjano, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Kisha uende ghalani ukaliangalie gunia la mahindi ambalo nyumba nzima inalila.